Mwenye Kucheza na Mwenye Kulea

Ukurasa huu wa nyumbani umezoea kuzungumzia uji wa watoto, ada za shule na amani ya ndoa. Wiki hii tutazungumzia kandanda, na ninawasihi akina mama wasiufunue ukurasa kwenda mbele, kwani jambo lenyewe huanzia mikononi mwao kabla ya kufika miguuni mwa watoto wao. Ni habari ya mcheza mpira wa kulipwa aliyemaliza zamu yake uwanjani kisha akashika kazi ya kulea chipukizi. Na ni habari ya watoto wa Nakivale na Mbarara, ambao wangali mlangoni pa safari hiyo hiyo.

Kwanza tuone mahali penyewe. Makazi ya Nakivale yako wilayani Isingiro, kusini-magharibi ya Uganda, kando ya ziwa lenye jina hilo hilo, kilometa zipatazo 60 kutoka mji wa Mbarara. Yalifunguliwa mwaka 1958, yakatambuliwa rasmi mwaka 1960, na wenyeji wake wa mwanzo walikuwa Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya kwao. Tangu wakati huo wameingia Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na wengineo, hata leo idadi yao inapita watu 100,000. Kila jamaa hupewa kipande cha ardhi cha kujenga na kulima, na sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kutembea nchini. Ndiyo maana huku hupaita "makazi", ingawa mazoea ya ulimi hutuvuta daima kwenye neno "kambi". Nasi watu wa jeshi na polisi tusilidharau neno hilo, maana hata watoto wetu wamezaliwa kambini: tofauti ni kwamba baba wa huku aliingia kambini kwa amri, na baba wa kule aliingia kwa kukimbia.

Basi nenda Nakivale jioni, jua likielekea nyuma ya vilima, jembe likiwa limekwisha kusafishwa na maharagwe yamo jikoni. Utawakuta watoto uwanjani. Mpira ni wa mifuko ya nailoni iliyofungwa kwa kamba za migomba. Magoli ni mawe mawili, na ugomvi wa kila siku ni kama mpira ulipita juu ya jiwe au kando yake. Ugomvi huo hufanywa kwa Kiswahili. Mtoto wa Kikongo, wa Kirundi na wa Kisomali hawana lugha nyingine ya kugombania goli, kama vile askari wa Gulu na askari wa Kabale wasivyokuwa na lugha nyingine nyepesi ya gwaride.

Mbarara nayo ina kiwanja chake cha Kakyeka, na timu ya mji, Mbarara City, ambayo iliingia ligi kuu ya Uganda mwaka 2017. Kutoka jiwe la goli la Nakivale hadi nyasi za Kakyeka ni safari ya asubuhi moja kwa gari. Kwa mtoto mwenye kipaji ni safari ya miaka kumi, na katika miaka hiyo kumi wengi hupotelea njiani. Hawapotei kwa kukosa kipaji. Hupotea kwa kukosa mtu wa kuwashika mkono, na kwa kukosa karatasi. Hayo mawili ndiyo nataka tuyapime leo, na nitaanza na mtu.

Ibrahim Sekagya alizaliwa Kampala mwezi wa Desemba 1980. Alikuwa beki wa kati, mrefu, mtulivu, asiyependa mbwembwe. Wakati wachezaji wengi wa Uganda waliota Uingereza au, kwa uchache, Afrika Kusini, yeye alivuka bahari kwenda Argentina, nchi ambayo haiagizi wachezaji bali huwauza. Huko alicheza katika klabu za madaraja mbalimbali, miongoni mwao Atlético de Rafaela ya mkoa wa Santa Fe, kisha akafika Arsenal ya Sarandí, kitongoji cha Buenos Aires, na kushika namba katika ligi ya kwanza. Mwaka 2007 akanunuliwa na klabu ya Salzburg ya Austria, akakaa miaka sita, akatwaa ubingwa wa nchi hiyo mara tatu, katika misimu iliyomalizika 2009, 2010 na 2012, na mwaka huo wa 2012 kikombe cha taifa pia. Mwaka 2013 akahamia New York Red Bulls ya Marekani, alikokuwamo pia Mfaransa Thierry Henry. Na mwaka ule ule timu ikamaliza msimu wa kawaida ikiwa juu ya timu zote za ligi.

Hizo ndizo sifa zinazoandikwa. Yasiyoandikwa ni mengi zaidi. Fikiria kijana wa Kampala anayeishi katika nchi ya Kihispania, akahamishiwa nchi ya Kijerumani penye theluji, kisha nchi ya Kiingereza kisicho Kiingereza chetu; na kazi yake ni ile ambayo huonekana tu inapoharibika. Mshambuliaji akikosa mara tisa na kufunga mara moja, hubebwa mabegani. Beki akizuia mara tisa na kukosa mara moja, huzomewa hadi nyumbani. Na nyumbani kwenyewe hakukuwa na raha. Sekagya alikuwa nahodha wa timu ya taifa siku ya tarehe 8 Oktoba 2011, Uganda ilipohitaji ushindi dhidi ya Kenya katika uwanja wa Namboole ili kwenda Kombe la Mataifa ya Afrika. Uwanja ulijaa hadi vichochoroni. Mchezo ukaisha bila goli, na Uganda ikabaki nyumbani. Kizazi chake kilikwisha bila kucheza mashindano yale, ambayo nchi haikuyaona tena tangu mwaka 1978 hadi 2017. Baada ya siku ile aliivua jezi ya taifa.

Alipotundika viatu mwaka 2014 angeweza kurudi Kampala, akafungua duka au hoteli, akawa mheshimiwa wa kukaribishwa harusini. Akabaki New York, katika klabu ile ile, akaanza upya kama mwalimu wa chini. Alifundisha katika timu ya pili ya klabu, ambayo kazi yake ni kuwavusha vijana kutoka utoto wa mpira hadi timu kubwa, na kwa miaka akapanda mpaka kuwa mwalimu mkuu wa timu hiyo. Hapo ndipo heshima yangu kwake ilipo. Wachezaji wetu wengi wanaoingia katika ualimu huendea timu kubwa moja kwa moja, nami siwalaumu: Jackson Mayanja, aliyechezea El Masry ya Misri, alikuja kufundisha timu za ligi kuu za Tanzania, ikiwamo Kagera Sugar, ambayo iko karibu na Nakivale kuliko ilivyo karibu na Dar es Salaam. Timu kubwa ina mshahara, ina magazeti, ina kelele. Timu ya vijana ina kazi tu. Ukishinda, sifa ni ya vijana. Kijana akifaulu, sifa ni ya klabu iliyomnunua.

Watu hudhani kwamba aliyecheza vizuri atafundisha vizuri. Si lazima. Mchezaji hodari mara nyingi hajui alijuaje. Mguu wake ulijifunza akiwa mdogo, na kichwa hakikuulizwa. Umwambie amfundishe mtoto wa miaka kumi kupokea mpira, ataupokea yeye, kisha atasema, "Hivi." Mtoto atabaki ameduwaa. Kwa maoni yangu, na wapenzi wa washambuliaji wanisamehe, mabeki na walinda lango hufaa zaidi kwa kazi hii, kwani wamekaa nyuma miaka yote wakiutazama mchezo mzima, wakiwaita na kuwapanga wenzao. Ualimu wameuanza wangali wakicheza.

Tena, kulea kuna elimu yake isiyofanana na ile ya ushindani. Nitatoa mfano mmoja ambao mama yeyote atauelewa. Kazi ya beki wa kati ni kupiga mpira kwa kichwa. Sekagya ameishi kwa kichwa chake. Hata hivyo, katika nchi alikofundisha, shirikisho la kandanda lilitangaza mwaka 2015 kwamba watoto wa miaka 10 na chini yake wasipige mpira kwa kichwa kabisa, na wale wa miaka 11 hadi 13 wafanye hivyo kwa kiasi katika mazoezi, kwa kuhofia madhara ya ubongo. Uingereza nayo mwaka 2020 ilitoa mwongozo wa kuacha mazoezi ya kichwa kwa watoto wa umri wa shule ya msingi. Basi kule, ujuzi ulioupa mwili wa beki mkate wake hauruhusiwi kufundishwa kwa watoto wadogo. Mwalimu lazima aanze na macho, miguu na mahali pa kusimama. Huku kwetu bado ungali ukimwona mtu mzima akiwapanga watoto wa darasa la pili mstari mmoja na kuwarushia mpira mgumu vichwani, mmoja baada ya mwingine, akiwapigia kelele wale wanaofumba macho. Mama aliye karibu ana haki ya kwenda kumwambia kwa adabu, "Mwalimu, mpira wa kichwa usubiri kwanza."

Vivyo hivyo kuhusu namba. Mtoto wa miaka minane asiambiwe kwamba yeye ni beki. Acheze kila mahali, katika kiwanja kidogo, watano kwa watano, ili auguse mpira mara nyingi. Wachezaji ishirini na wawili wa miaka minane katika uwanja mkubwa ni watoto wawili wanaocheza na ishirini wanaokimbia nyuma ya vumbi.

Wasomaji wetu wa jeshi na polisi wana urithi wao katika habari hii, na si haki kuupita. Mwaka 1972 timu ya jeshi, Simba, ilikuwa klabu ya kwanza ya Uganda kufika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika. Ikafungwa na Hafia ya Conakry, 4 kwa 2 na 3 kwa 2. Miaka sita baadaye, mwezi wa Machi 1978, timu ya taifa ilifika fainali ya Kombe la Mataifa mjini Accra, ikafungwa na Ghana 2 kwa 0. Philip Omondi akiwa miongoni mwa wafungaji bora wa mashindano, kwa magoli matatu. Sasa ruka miaka 43. Mwezi wa Machi 2021, nchini Mauritania, vijana wa Uganda wenye umri chini ya miaka 20 walifika fainali ya Afrika ya rika lao, na wakafungwa na Ghana hiyo hiyo, 2 kwa 0 hizo hizo. Mwalimu wao alikuwa Morley Byekwaso, mchezaji wa zamani aliyeingia katika kulea. Na kijana aliyeongoza kwa magoli katika mashindano yote, matano, yakiwamo matatu dhidi ya Tunisia katika nusu fainali, alikuwa Derrick Kakooza, mchezaji wa timu ya Polisi. Baada ya hapo alikwenda Valmiera ya Latvia. Afande yeyote anayedhani kwamba timu ya kambi ni mahali pa kupunguzia kitambi tu na aikumbuke njia hiyo.

Sasa nirudi Nakivale, kwa maana huko jambo lina uzito zaidi. Dunia imekwisha kuona mtoto wa kambi akifika mbali. Awer Mabil alizaliwa Kakuma, Kenya, mwaka 1995, kwa wazazi kutoka Sudan Kusini. Alihamia Australia mwaka 2006, akaichezea nchi hiyo katika Kombe la Dunia la 2022. Eduardo Camavinga alizaliwa katika kambi ya wakimbizi nchini Angola, akawa Mfaransa na mchezaji wa Real Madrid. Lakini wote wawili walihamishwa na wazazi wao kabla mpira haujawahamisha. Mtoto anayebaki Nakivale anahitaji njia inayoanzia pale pale, na njia hiyo imejengwa kwa karatasi.

Karatasi ya kwanza ni umri. Familia inapofika na kuandikishwa, mara nyingine tarehe ya kuzaliwa ya mtoto hukisiwa, kwa kuwa cheti kiliungua au mama amechoka. Kosa la mwaka mmoja halionekani siku ile. Litaonekana miaka kumi na miwili baadaye, kijana anapotakiwa katika timu ya chini ya miaka 17. FIFA imekuwa ikipima mfupa wa kifundo cha mkono kwa mashine katika mashindano ya rika hilo tangu mwaka 2009, na mfupa hausemi uongo kwa ajili ya mtu. Wako pia wanaopunguza umri kwa makusudi ili kijana aonekane kipaji cha ajabu. Anayefanya hivyo humnunulia mwanawe mwaka mmoja wa sifa kwa bei ya maisha yake yote ya mpira.

Karatasi ya pili ni tarehe ya kuingia nchini. Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi hadi nchi kwa ajili ya mpira, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, nazo hali za watoto waliokimbia kuokoa maisha zimo. Kanuni hiyo inamgusa hata yule anayesajiliwa kwa mara ya kwanza katika nchi isiyo yake: ataombewa kibali, ila kama ameishi humo mfululizo miaka mitano. Kwa hiyo kile cheti cha familia chenye tarehe ya kufika, ambacho panya wa Nakivale wanakipenda kuliko mahindi, ndicho kitakachomwezesha kijana kusajiliwa bila mzunguko. Kifungwe katika mfuko wa nailoni, kitundikwe juu. Ieleweke pia kwamba mtoto wa wazazi wakimbizi hapati uraia wa Uganda kwa sababu tu ya kuzaliwa katika ardhi yake. Jezi ya taifa ni suala jingine, refu, nalo halimzuii kuichezea klabu.

Karatasi ya tatu ni usajili wa timu yenyewe, na hapa pana fedha ambazo watu wetu huzikanyaga bila kujua. Mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja hadi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei hugawiwa klabu zilizomlea tangu msimu wa mwaka wake wa 12 hadi wa 23. Kila msimu wa miaka 12 hadi 15 huhesabiwa robo ya asilimia moja ya bei. Kila msimu wa miaka 16 hadi 23, nusu ya asilimia. Timu iliyomlea kijana misimu minne ya mwanzo hupata asilimia moja kamili. Akija kuuzwa dola 1,000,000, hiyo ni dola 10,000: mipira, viatu, na paa la chumba cha kubadilishia nguo. Lakini hulipwa klabu iliyotambuliwa na shirikisho la nchi, na kijana awe alisajiliwa humo. Timu ya mtaa isiyoandikwa popote, hata kama ilimlisha na kumfunga vidonda, hupata kumwona katika televisheni tu.

Juu ya mawakala nitasema kwa ufupi, maana hasira yaweza kunizidi. Tangu Oktoba 2023 wakala wa wachezaji lazima awe na leseni ya FIFA. Anayekuja nyumbani kuomba fedha za "majaribio Ulaya" kwa ajili ya mtoto wa miaka 14, mpe maji ya kunywa, kisha mwulize leseni yake. Usiuze mbuzi.

Vipi shule? Nimesikia wazazi wakisema kwamba mpira huua masomo. Yaweza kuwa hivyo, pale ambapo hakuna mtu wa kusimamia. Lakini hapa Uganda mpira huwalipia wengi masomo, kwani shule za sekondari zinazogombea vikombe huwapa wachezaji wazuri nafasi bila ada au kwa ada ndogo. Kwa jamaa inayoishi kwa mahindi ya kipande kimoja cha ardhi, nafasi hiyo ina thamani kuliko medali. Mzazi akubaliane na shule kwa maandishi: kijana akivunjika mguu muhula wa pili, atamaliza masomo yake au atarudishwa na sanduku? Swali hilo liulizwe kabla, wakati wanamtaka. Binti naye aulizwe pia kama anataka kucheza; wapo wanaosubiri kuulizwa.

Nani basi atawashika mkono watoto wale? Hatuwezi kumsubiri beki wa New York. Katika kambi ya Makenke, Mbarara, yalipo makao ya divisheni ya pili ya jeshi, na katika vituo vya polisi vya Mbarara na Isingiro, hawakosekani watu waliochezea timu za vikosi, magoti yamekwisha lakini macho yangali mazima. Shirikisho la Afrika lina leseni za walimu kuanzia daraja la D, la chini, na FUFA huendesha kozi zake nchini. Koplo anayekaribia kustaafu anaweza kuanza na hiyo. Jumamosi mbili kwa mwezi, gari likielekea Isingiro, achukue filimbi, mipira mitatu ya kweli, vijiti vya kuwekea mipaka ya viwanja vidogo, na daftari moja la kurasa nyingi. Katika daftari aandike jina la kila mtoto, tarehe ya kuzaliwa kama mama yake anavyoitaja, tarehe waliyofika Nakivale, na siku ya kwanza aliyokuja mazoezini. Filimbi aipige baada ya kuandika.